Mawe ya Mbingu Yalivyosahihishwa

Wifi yangu alitaka shairi la kuandikwa kwenye jiwe la kaburi la msichana wake, na alitaka kwanza lishinde. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu wa kikundi chetu cha mashairi wanaosema alikuja kutafuta sifa. Si kweli. Fundi wa mawe ya makaburi kule Bondeni alikuwa ameshapewa kila kitu, jina la mtoto na msalaba wa kuchora pembeni, akabaki anangoja maneno. Kila akipita sokoni ninapouza mitumba ya watoto alikuwa ananiuliza, "Mathe, yale maneno yatakuja lini? Simiti itaniharibikia." Alikuwa anatania. Simiti hainunuliwi mapema hivyo.

Nilimshauri wifi aweke mstari wa Biblia kama watu wote. Akanijibu, "Mstari wa Biblia ni wa kila mtu. Huyu alikuwa wangu."

Mtoto mwenyewe nitamweleza kidogo, maana bila hivyo hakuna kitakachoeleweka. Mvua ya mawe ikianza kupiga mabati, wenzake walikimbilia ndani, yeye alikimbilia nje na sufuria kichwani kama kofia ya polisi. Yakizidi anaigeuza, anakinga, halafu anachuchumaa pale pale kwenye maji na kuyala kwa mikono miwili kabla hayajayeyuka. Mama yake alikuwa anapiga kelele mlangoni kwamba meno yatamtoka yote, atazeeka kabla ya kuolewa. Halafu mtoto akaugua, na ugonjwa haukumpa nafasi. Tulimzika kwa wazazi wangu huko juu Bahati, kwenye kipande chetu cha shamba lililokuwa zamani la mzungu. Tangu siku hiyo wifi hakumtaja tena kwa jina. Akilazimika, alisema "wakati ule". Kwa hiyo aliponiambia ametunga shairi, nilifurahi. Nilidhani sasa atazungumza.

Kikundi chetu hukutana Jumamosi mchana mtaa wa Free Area, kwenye shule ya chekechea. Wifi ndiye aliyeanza kwenda, mimi nikamfuata. Tunakaa kwenye viti vya watoto, watu wazima na magoti yetu yamefika kidevuni. Mwalimu wetu alifundisha sekondari, akaenda Japani kusoma, akakaa huko mpaka nywele zikageuka rangi, akarudi na kipepeo cha kukunja, cha kujipepea, na mashairi ya watu wa kasri ya zamani. Anasema hao watu wa kasri walikuwa wanaweza kutumia siku nzima wamegawanyika pande mbili, Kushoto na Kulia, kila upande unatoa shairi moja, yanapambanishwa mawili mawili, na mwamuzi anasema lipi limeshinda. Tukaiga. Kushoto wanakaa upande wa madirisha, Kulia tunakaa chini ya chati ya a e i o u.

Shairi lina mistari mitano. Mizani tano, saba, tano, saba, saba. Hilo halikutusumbua, mizani tumezisikia tangu shuleni, hata mimi niliyeishia kidato cha pili. Nahesabu kwa vifundo vya vidole. Kilichotusumbua ni sheria zingine. Mada unapewa. Jina la mtunzi halitajwi, ingawa kila mtu anajua. Msomaji analiimba shairi mara mbili, polepole, akivuta mwisho wa kila mstari mpaka wapita njia wanadhani tunakesha mchana. Kisha upande wa pili unatafuta makosa. Kusifu hakuruhusiwi, kazi yao ni makosa. Upande wako unakutetea. Kukasirika hapana. Mwishoni Mwalimu ananyoosha kipepeo kwa aliyeshinda.

Na kuna sheria moja ambayo lazima niiandike vizuri, nisimwonee mtu. Shairi la kwanza la Kushoto halishindwi. Kule kasri, alituambia, nafasi hiyo ilikuwa ya mtu mkubwa, na mtu mkubwa haangushwi mbele ya watu. Mpinzani wake akiwa hodari sana, wanapewa sare. Sisi hatuna mfalme. Tuna mgeni wa heshima. Siku hiyo ninayoisimulia mgeni alikuwa mwenye shule, mzee anayetuachia ukumbi bure, na mada ilikuwa mvua ya kwanza baada ya kiangazi.

Nafasi tulipanga kwa kura. Wifi akatoa karatasi ya kwanza upande wa Kulia. Mwalimu alimwendea, akainama, na mimi nilisikia kwa sababu nilikuwa kando yake. "Mama, hapo utagongana na mgeni. Nikubadilishie?"

"Si shairi ni shairi?" wifi akasema.

"Sawa," akasema Mwalimu. Kwa hiyo alimwonya. Naliweka hapa kwa haki yake.

Shairi la mgeni lilisomwa kwanza:

Tangi limejaa,
asante Mungu wetu;
sasa watoto
watanawa mikono
kabla ya kunywa uji.

Mstari wa kwanza ulizidi mizani moja. Nilihesabu mara mbili, nikaangalia wengine, nao walikuwa wanaangalia vidole vyao. Hakuna aliyesema. Lakini si shairi baya sana. Lilikuwa la kweli, na tangi lenyewe tulipita tukaliona limejaa.

La wifi lilisomwa na mama wa bucha kutoka Kikopey, kule kwa nyama choma ya wasafiri, ambaye ndiye msomaji wa upande wetu. Sauti yake imezoea kuita magari yasimame barabarani, lakini siku hiyo aliishusha.

Mawe ya mbingu
yajaza sufuria;
hakuna mtu
wa kuyala kwa pupa.
Kaburini ni kimya.

Aliposoma mara ya pili mimi nilikuwa naangalia sakafu. Wifi alikuwa ameketi wima, mikono juu ya pochi, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.

Kijana wa chuo ndiye mshambulizi wa Kushoto. Ni kijana mwenye akili na heshima zake. Nje ya ukumbi hunibebea magunia. Akasimama.

"Mimi sina ubaya na mtu," akasema. "Lakini sufuria? Watu wa palace na sufuria? Si basi tuweke na mwiko, tusonge ugali." Watu wakacheka. Hata mgeni alicheka, tumbo likatikisika juu ya kile kiti kidogo. "Alafu hii ya mwisho. Kaburini ni kimya. Ni kaburi gani mshaiskia ikipiga kelele?"

Hapo wakacheka zaidi. Nasema kweli, lilikuwa jambo la kuchekesha. Kama lingekuwa kaburi la watu wengine labda mimi pia ningecheka.

"Wewe ngoja ufiwe," mama wa bucha akamwambia, "ndio utajua kaburi ina kelele namna gani."

"Mathe, usikasirike, ni sheria."

"Nani amekasirika? Nakutetea na wewe, siku ukifiwa utanitafuta."

Mwalimu akainua kipepeo. "Hasira hapana. Kulia, teteeni shairi."

Nikasimama mimi. Sikuwa nimejiandaa, na mimi nikisimama mbele ya watu maneno yananikimbia kama kuku. Nikasema sufuria hiyo ipo, naijua, ina mkono mmoja, mwingine ulikatika. Nikasema na huyo mtu wa kuyala alikuwepo, na alikuwa anayala hivyo hivyo.

"Sawa auntie," kijana akasema kwa upole, "lakini hiyo kujua yako haiko kwa hizi laini tano. Mimi nimepewa tano tu."

Nikaketi.

Mwalimu alifunga macho kidogo, kama kawaida yake. "Kushoto wa kwanza hashindwi," akasema, "lakini ningeweza kutoa sare. Sitatoa. Shairi hili linatembea vizuri mpaka mlangoni, halafu linaingia na neno la nuksi. Kwenye mashindano ya kasri neno la kifo halikuingia mbele ya mgeni, hata lingekuwa tamu kiasi gani. Mtu wa kule akilia haandiki 'ninalia'. Anaandika mkono wa nguo yake umelowa."

"Sisi tunalilia kwa leso," mama wa bucha akanong'ona.

Kipepeo kikaenda Kushoto. Mgeni akajipigia makofi, akagundua, akaacha. Akamgeukia wifi akasema, "Pole mama. Ni mchezo. Utajaribu tena." Ni mtu mzuri.

Baada ya chai kuna jambo ambalo Mwalimu huliita kusahihisha, na hili pia amelitoa huko, kwamba mwalimu alikuwa anachukua shairi la mwanafunzi na kulikata mbele yake mpaka lisimame. Sisi tumelifanya la watu wote. Aliyeshindwa akitaka, shairi lake linaandikwa ubaoni, kila mtu anatia mkono, kisha linaingia tena kwenye jozi ya mwisho. Tena linahamia upande uliolishinda, kwa sababu sasa lina mikono yao ndani.

"Unataka?" Mwalimu akamuuliza.

Nikamvuta wifi sweta. "Twende nyumbani. Fundi anaweza kuandika hilo hilo."

"Hapana," akasema. "Hili limeshindwa. Nitamwekea mtoto kitu kilichoshindwa?"

Akalikubali. Lazima niandike hivyo, alilikubali mwenyewe.

Mwalimu aliliandika kwa chaki, chini ya picha ya bata iliyochorwa na watoto. Kijana akatoa neno la kwanza. Badala ya "kaburini" akapendekeza "bonde lote". Bonde lote ni kimya. Tukahesabu: saba. Ukumbi ukasema aaa, kama watu waliofunguliwa dirisha. Mgeni akasema, "Hapo sasa." Mwalimu akafuta "kaburini" kwa kiganja, vumbi likashuka juu ya bata.

"Na hiyo sufuria itoke," akasema mama wa bucha. Huyo ni wa upande wetu! Nilimgeukia. "Unaniangalia nini? Kijana ameshakataa ugali yetu, tutafanya nini? Andika 'yatanda uwanjani'. Mvua ya mawe si hutanda uwanjani?" Tukahesabu. Ikafika. Kweli mvua ya mawe hutanda uwanjani, kila mtu hapa ameiona, kweupe kote mpaka kwenye kabichi.

Kisha Mwalimu akagonga mstari wa tatu kwa ncha ya kipepeo. "Hakuna mtu," akasoma. "Ukisema hakuna mtu, msomaji anaanza kumtafuta. Anakuuliza, mtu gani? Unamtesa msomaji. Kitu gani kingine kinaweza kula barafu?"

Wifi ndiye aliyesema, bila kuinua kichwa. "Jua."

"Jua nini?"

"Jua lashuka."

Tano. Mwalimu akaandika. Sasa ule mstari uliofuata, "wa kuyala kwa pupa", haukukaa tena, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kushikilia hiyo "wa". Mwalimu akaifuta. Ikabaki "kuyala kwa pupa". Tukahesabu: sita. Ilipungua mizani moja. Watu wakaanza kurusha maneno, wengine wanasema "yote", wengine "sana", na kila moja likiharibu kitu. Mimi sikurusha lolote. Nilikuwa naangalia "pupa" pale ubaoni, maana katika shairi zima lilikuwa ndilo neno pekee ambalo bado lilikuwa limechuchumaa kwenye maji na mikono miwili mdomoni.

Wifi akasimama, akaenda ubaoni, akachukua chaki mkononi mwa Mwalimu. Akafuta "kwa". Akaandika "bila".

Mawe ya mbingu
yatanda uwanjani;
jua lashuka
kuyala bila pupa.
Bonde lote ni kimya.

"Jua halina haraka," akasema.

Mwalimu akasema taratibu, "Mama, hapo umefika." Na wifi akatabasamu. Sikuwa nimeyaona meno yake tangu mazishi. Siwezi kuandika kwamba aliumia, kwa sababu nilichoona ni mtu aliyefurahi.

Jozi ya mwisho, upande wa Kulia, shairi lililobaki lilikuwa langu. Lilihusu karatasi ya nailoni ninayofunikia mitumba, jinsi maji yanavyokaa juu yake kama tumbo. Kwa hiyo wifi akahamia madirishani, na mimi nikabaki chini ya chati, na kazi yangu kwa sheria ikawa kutafuta makosa kwenye shairi lake.

"Kulia," Mwalimu akasema. "Makosa."

"Sioni."

"Kazi yako ni kuona."

"Kosa lake," nikasema, "ni kwamba nililijua la kwanza."

"Hilo ni kosa lako," Mwalimu akasema. "Si la shairi."

Kijana akacheka kidogo, kisha akajizuia. Wifi alikuwa ananitazama moja kwa moja. Nilitafuta machoni pake kama ananiomba niseme jambo fulani, au ananiomba nisiseme. Sikuona kitu. Kipepeo kikaenda Kushoto na watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Labda haya yote nayaandika kwa uchungu wa kushindwa. Nimejiuliza hivyo pia.

Tulitembea pamoja kuelekea barabarani. Mbele ya kibanda cha mahindi ya kuchoma akasimama.

"Wifi, niambie ukweli. Lipi zuri?"

Ningeweza kusema sijui, lakini nilijua. Nilikuwa nimeyarudia yote mawili kichwani tangu tutoke. La kwanza lilikuwa linanichoma, lakini mimi nilikuwa na kidonda tayari. La pili ningelipenda hata kama lingeandikwa na mtu nisiyemjua.

"La pili," nikasema.

"Na kwa jiwe, ungeweka lipi?"

"Hapo sijui."

"Wewe kila siku hujui," akasema. "Ndiyo maana unashindwa." Akanunua hindi moja, akalila mwenyewe lote tukitembea.

Maneno yalipelekwa kwa fundi wiki hiyo. Mimi sikuulizwa, na ndugu yangu, baba ya mtoto, naye hakuulizwa. Yeye ni mtu wa ng'ombe na viazi, mambo ya kikundi aliyaita mambo ya viti vidogo. Alimwachia mke wake maneno, akasema mama ndiye anajua. Yeye akachimba mchanga wa kujengea na kuubeba mwenyewe.

Siku ya kuweka jiwe tulikuwa watu wachache, familia tu na fundi. Fundi alikuwa amefanya kazi safi, herufi zimenyooka, msalaba umekaa sawa. Alipomaliza kulainisha simiti pembeni akalimwagia jiwe maji ili maandishi yaonekane, akarudi nyuma. Ndugu yangu akavua kofia, akasogea, akasoma kwa sauti, polepole, kama anavyosoma kanisani akiitwa. Mawe ya mbingu. Yatanda uwanjani. Akafika mwisho. Akarudi juu akasoma tena, safari hii kimya, midomo tu ikicheza.

"Mtoto ako wapi hapa?" akauliza.

Fundi akadhani analaumiwa. "Jina liko juu, mzee. Na msalaba."

"Jina nimeona. Namuuliza mama yake."

Wifi alikuwa amepiga magoti, anafuta simiti iliyorukia kwenye herufi, na leso amezungusha kidoleni. Hakugeuka. "Hii ndiyo ilishinda," akasema.

"Ilishinda nini?"

"Ile ingine. Ile ingine ilikuwa mbaya. Ilikuwa na sufuria, ilikuwa na kaburi, watu walicheka. Ulitaka wapite hapa wakimcheka?"

"Nani angemcheka?" Sauti yake ilikuwa inapanda. "Mimi ningeona sufuria ningejua ni yeye. Hapa naona nini? Naona hali ya hewa."

"Basi muulize dada yako," akasema wifi, na sasa aligeuka, akaninyooshea ile leso. "Alikuwa hapo. Nilimuuliza lipi zuri, akasema hili. Muulize."

Ndugu yangu akanitazama. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili kifuani, mchanga umemkauka kwenye vifundo. Wifi naye akanitazama kutoka chini alipopiga magoti, na usoni mwake kulikuwa na kitu kama ushindi, au labda ni jua lilikuwa linampiga machoni, sitaki kumsingizia.

"Ni kweli ulisema?" ndugu yangu akaniuliza.

Nikasema ni kweli.

"Ni zuri kuliko la mtoto?"

Nikasema ndiyo, ni zuri zaidi.

Ndugu yangu akavaa kofia, akainama, akaanza kumsaidia fundi kukusanya vyombo vyake.